Igizo la Karani wa Mizani

Nilimchukia mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo tuliketi pamoja kwenye Meza ya Bwana. Nayasema mapema kwa sababu mtu akifika umri wangu hana haja ya kujipamba. Mungu amenipa uhai mrefu, amenipa watoto waliosoma, na kila asubuhi namshukuru kabla sijashuka kitandani. Lakini juu ya mtu yule mmoja sala zangu zilikuwa hazitoki.

Tulikuwa walimu wa shule moja. Cheo cha mwalimu mkuu kilipokuwa wazi yalipelekwa majina mawili, lake na langu, akapewa yeye. Siku ya kutambulishwa kwa wazazi alisimama akasema, nami nimeketi pembeni yake, "Msiwe na wasiwasi. Mwalimu wetu huyu atabaki darasa la kwanza. Anajua sana kufuta kamasi." Wazazi wakacheka. Nikacheka na mimi.

Tulipostaafu nilidhani nimeachana naye. Kumbe usharika ulikuwa umemchagua mwenyekiti wa baraza la wazee. Mwaka uliofuata mimi nikachaguliwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza kwetu, nikapewa vijana. Siku ya kwanza barazani alinitazama akasema, "Karibu, Mwalimu. Kamasi ziko nyingi."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mjini Tukuyu nguo za mitumba zilimwagwa chini kila siku ya soko, maduka mapya yalifunguliwa mlango kwa mlango, na wanunuzi binafsi wa majani ya chai walianza kuonekana mashambani. Vikaja pia vibanda vya video. Kimoja kilikuwa njia ya Ibighi, chumba cha matofali kilichowekwa pazia jeusi na mabenchi yasiyo na migongo. Jumapili mchana vijana wangu walikuwa humo. Kwenye zoezi la kwaya nilibaki na wasichana wanne na mwimbaji mmoja wa besi, naye alikuwa na kikohozi.

Nikaamua kwenda kuona kinachowavuta. Mlangoni kijana aliyekuwa akipokea watu alinisimamisha.

"Bibi, unamtafuta mjukuu?"

"Namtafuta shetani. Nimeambiwa yuko humu."

"Basi kaa benchi la mbele, Bibi, utamwona vizuri."

Nilikaa. Ilikuwa picha ya Kihindi. Mwanamume na mwanamke waligombana kwa saa nzima, wakatukanana, wakashindana kuendesha farasi, na baadaye ndipo ikajulikana kwamba hawawezi kuishi mmoja bila mwenzake. Nyuma yangu besi wangu watatu walikuwa wanafuta machozi. Nilipotoka nilikuwa nimekasirika, lakini si kwa dhambi niliyoiona. Nilikasirika kwa sababu nilijua ninaweza kuandika kitu bora kuliko kile, tena bila farasi.

Ndivyo nilivyoanza kuwaandikia vijana maigizo ya mapenzi. Nilipopeleka habari hiyo barazani, mwenyekiti aliweka kalamu mezani taratibu.

"Mapenzi," alisema. "Kanisani."

"Uchumba wa Kikristo, Mwenyekiti."

"Mwalimu, kwa umri huo bado unawaza mambo hayo?"

Wazee wengine waliangalia viatu vyao. Walibishana mpaka mvua ikakatika, na mwisho akatamka sharti lake. Igizo moja tu, mbele ya usharika wote. Likileta aibu, kundi la maigizo linafungwa, na mimi ninaachia kiti cha uzee. Nilikubali hapo hapo. Nilijua analitaka lile kundi life kwa sababu lilikuwa langu, naye alijua kwamba ninajua.

Njia yangu ya kuandika ilikuwa hii. Niliwaambia vijana, "Msiniletee mapenzi. Mkiniletea mapenzi mtaniletea ya kwenye video. Nileteeni ugomvi." Kila mmoja alete ugomvi aliouona au kuusikia, lakini uwe wa watu waliowahi kuwa marafiki. Mtu mgeni akikutukana unalala, unasahau. Rafiki yako anajua pa kupiga. Ukitaka wasomaji au watazamaji waamini kwamba wawili hawa watapendana, usiwaambie lolote kuhusu moyo. Waonyeshe jinsi kila mmoja anavyomkumbuka mwenzake kwa undani, hata katika matusi.

Waliniletea ugomvi wa kila namna, wa kuku, wa mpira, wa nafasi ya kusimama kwenye kwaya. Ugomvi uliokuwa bora ulitoka kwa binti mmoja wa Lupepo aliyekuwa akitembea kwa miguu kila Jumamosi kuja mazoezini. Alikuwa mchumaji wa chai kwenye shamba la mjomba wake, mwembamba, mwenye ulimi wa wembe.

"Ni dada mmoja nilimsikia," alisema. "Alisoma dawati moja na kijana fulani. Wakawa wanashindana, huyu wa kwanza, yule wa pili, miaka yote. Kijana akaenda sekondari, dada hakuchaguliwa. Kijana akarudi akawa karani wa mizani, banda la kupimia majani. Dada akapeleka kikapu chake. Karani akatia mkono, akasema, 'Hii si chai, ni majani ya kulisha ng'ombe.'"

"Naye dada akasemaje?"

"Akasema, 'Basi wapelekee wa baba yako, wamekonda mpaka wanaaibisha njia.'"

Vijana wakapiga kelele. Mimi nilikuwa tayari naandika. Nikamuuliza ikawaje baadaye.

"Akamrudishia kikapu mara tatu, Bibi."

"Na mara ya nne?"

"Mara ya nne sijui."

Mara ya nne niliitunga mwenyewe, na nafasi ya binti nikampa yeye, yule wa Lupepo. Binti analeta majani mateule, majani mawili na kichipukizi chake, hakuna gumu hata moja. Karani anatia mkono, anatoa jani, analigeuza, analitafutia kosa. Anatoa lingine. Foleni nyuma inanung'unika. Anaendelea kutafuta kosa kwa sababu akimaliza itabidi amwache aende. Sikuweka maneno mahali pale. Tulipofanya zoezi kwa mara ya kwanza kijana aliyecheza karani alishika lile jani kwa muda mrefu, na wale wengine wote wakatulia kimya. Nikajua nimepata.

Siku hiyo, wakati wa kupumzika, msichana mmoja wa sauti ya kwanza alinisogelea kwa utundu.

"Bibi, kama ugomvi ndio mwanzo wa mapenzi, wewe na Mwenyekiti je?"

"Shika adabu yako. Uadui mwingine ni uadui tu."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Mwenyekiti aliomba kusoma daftari. Alilirudisha na alama nyekundu kama la mwanafunzi. Hoja yake kubwa ilikuwa onyesho la tatu, ambamo binti anakwenda kwa baba wa karani kumshtaki mwanawe.

"Binti anasimamaje uso kwa uso na baba wa kijana? Umesahau kwenu?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu sisi Wanyakyusa binti akishaposwa hakutani na baba mkwe. Akimwona anakuja anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika uso. Halitaji hata jina lake. Mimi mwenyewe nilizunguka njia ndefu ya mtoni kwa miaka tisa ili nisikutane na baba wa marehemu mume wangu, na ninamshukuru Mungu kwamba mzee yule aliona heshima ile.

"Hajaposwa, Mwenyekiti," nilimjibu. "Anakuja kushtaki. Anaruhusiwa."

"Na huyu baba anachezwa na nani?"

Nikamtajia kijana mmoja ambaye tulikuwa tumembandika ndevu za pamba.

"Ndevu za pamba! Mnawadhihaki wazee. Nitacheza mimi."

Nilielewa alichotaka. Alitaka kuwa jukwaani ili alishike igizo kwa mkono wake, na pia alikuwa na sauti nzuri na alipenda isikike. Ningeweza kukataa. Badala yake nilimpa heshima zote, nikarudi nyumbani, nikakaa na daftari nikaandika upya maneno ya binti katika onyesho la tatu. Niliandika ukurasa na nusu bila kufuta neno. Binti anamtazama mzee usoni na kumwambia kwamba amelea mtoto wa kudharau kwa sababu yeye mwenyewe amezoea kudharau, kwamba anawachekesha watu kwa kuwaumiza wengine, na kwamba anayecheka naye hampendi. Niliyaandika kwa furaha. Furaha ile haikutoka kwa Mungu, nami niliijua wakati ule ule.

Alikataa kufanya mazoezi na watoto. Kwa hiyo tulisoma wawili, chumba cha mchungaji, mimi nikishika maneno ya binti.

"Binti gani anasema hivi?" aliuliza.

"Aliyechoka."

"Nami nijibu nini?"

"Hujibu. Imeandikwa hapo, mzee anainamisha kichwa."

Aliweka karatasi mezani. "Mwalimu, wewe ni mtu mbaya."

"Tuanze tena juu, Mwenyekiti."

Wiki moja kabla ya siku yenyewe niliwaambia vijana kwamba baba wa karani atachezwa na mwenyekiti. Wote wakashangilia, isipokuwa binti wa Lupepo. Alinifuata nje.

"Bibi, nafasi yangu mpe mwingine."

"Kwa nini?"

"Tumbo linanisumbua."

"Tumbo la wiki ijayo?"

Akatazama chini. "Onyesho la tatu tu, Bibi. Siwezi kumtazama mzee yule."

Hapo ndipo nilipokosea, mimi mtoto wa hapa, niliyezunguka njia ya mtoni miaka tisa. Binti ananiambia waziwazi kwamba hawezi kumtazama mzee fulani, nami sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejaa chuki yangu mwenyewe, nikadhani ulimwengu mzima unamwona mtu yule kama mimi ninavyomwona. Nikadhani anamhofia. Nikamwambia kwa ukali, "Mwanamke akimwogopa mtu kama yule siku moja, atamwogopa maisha yake yote. Utasimama, na utasema kila neno nililoandika."

"Ndiyo, Bibi," alisema. Akaondoka bila kuaga.

Igizo lilichezwa Jumapili baada ya ibada, uwanjani kwa sababu ukumbi usingetosha. Watu walikuja mpaka kutoka Matwebe. Ukungu ulikuwa umeshuka, lakini hakuna aliyeondoka. Onyesho la kwanza, la madawati, watu walicheka. La pili, la mizani, kile kimya nilichokipata mazoezini nilikipata tena, safari hii kwa watu mia kadhaa, na bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mpe basi kikapu chake, mwana wa watu!" Niliwatazama vijana wangu nikamshukuru Mungu. Nilihesabu besi wanane.

Onyesho la tatu, mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha mgongo, koti amefunga vifungo vyote. Binti akatakiwa kuingia na kikapu. Aliingia hatua tatu. Akainua macho, akamwona. Kikapu kikamtoka, akaivuta kanga iliyokuwa mabegani ikafunika kichwa na uso, akageuka, akachutama nyuma ya ua wa majani ya migomba tuliouweka kama ukuta wa nyumba.

"Nani yuko hapo?" mwenyekiti alisema, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Binti alizidi kujikunyata.

"Njoo mbele, binti. Sema shida yako."

Hakusogea. Nilisimama pembeni nikimnong'oneza maneno, nikidhani amesahau. Ndipo mama mmoja kwenye mabenchi ya wanawake akapiga mkono kifuani.

"Mwe! Amemkimbia! Huyo ni mkwe wake!"

Vigelegele vilianzia nyuma. Kabla havijafika mbele, mke wa mwenyekiti alikuwa ameshanyanyuka. Alipita jukwaani mbele ya mumewe bila kumtazama, akamfunika yule binti kwa kitenge chake mwenyewe, akamwongoza nyuma ya kanisa. Kwa kitendo kile, na kwa aliyoyasema mama baadaye, kila mtu alipata habari kamili. Mtoto wao wa kiume, niliyedhani bado yuko shule, alikuwa karani wa mizani kweli. Mshenga alikuwa amekuja na kupokelewa na mama, wakati baba yuko kwenye mkutano wa jimbo, maana baba alikuwa amekwisha kumchagulia kijana mke mwingine, binti wa mchungaji mmoja Mbeya. Mama alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Siku ikajitafuta yenyewe.

Mwenyekiti alibaki jukwaani na karatasi yangu mkononi. Watu wakipita walimpa pongezi.

Alinikuta nikikusanya vikapu.

"Umenitega."

"Sikujua, Mwenyekiti. Nakuapia."

"Usiape. Nililisoma daftari nikadhani ni karani yeyote, kumbe umeichukua nyumba yangu ukaiweka humo. Dawati moja, mizani, ng'ombe wangu! Mpaka ng'ombe wangu umewaandika."

Ni wakati ule tu nilipotambua kwamba "dada mmoja nilimsikia" alikuwa binti wa Lupepo mwenyewe.

Siku moja kabla ya baraza la kuamua juu ya igizo, mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa amewahi kufika. Nilimkaribisha kiti, akasimama. Nilimletea chai, akaiacha ipoe.

"Nina neno fupi," alisema. "Kesho utaliambia baraza kwamba uliandika hivyo. Kwamba kujifunika kulikuwamo kwenye igizo. Utaongeza mistari miwili kwenye daftari, ulete kama ushahidi. Basi. Kundi lako litaendelea, na mimi mwenyewe nitasimama kulitetea."

"Na yule binti?"

"Atakuwa mwigizaji mzuri. Nani atamlaumu? Na mke wangu aliingia kumsaidia mtoto aliyesahau maneno."

"Na mshenga?"

"Mshenga nitamalizana naye mimi. Alikuja wakati sipo, na mimi sikumsikia."

Alipoondoka nilichukua daftari. Nataka kusema ukweli juu ya saa ile, kwa kuwa ndiyo saa niliyojaribiwa kuliko zote katika maisha yangu ya kuandika. Vijana wale walikuwa wameacha pazia jeusi wakarudi kanisani kwa sababu ya maigizo. Kwa mistari miwili ningewabakiza. Na kulikuwa na jambo lingine lililonivuta, ambalo sikumwambia mtu. Mistari ile ilikuwa bora kuliko niliyoandika. Binti anayekuja kushtaki, akamwona mzee, na badala ya kusema akajifunika uso. Basi watazamaji wote wakajua kwamba ugomvi umekwisha na mapenzi yamefika mbali kuliko walivyodhani. Ningeketi mwaka mzima nisingebuni kitu kama kile. Nilishika kalamu. Nafasi ilikuwepo pembeni mwa ukurasa.

Lakini nikiandika, kitendo chake kinakuwa changu. Alichokifanya mbele ya kanisa zima kwa heshima ya kweli kinageuka kuwa mchezo wa kuigiza, na yeye anabaki binti aliyejitangaza kuwa mkwe wa nyumba isiyomtambua. Niliomba mpaka magoti yakauma. Sikusikia jibu. Nikafunga daftari bila kuandika.

Barazani nililifungua mbele yao nikasoma ukurasa wa onyesho la tatu, neno kwa neno.

"Imeandikwa binti anamtazama mzee usoni," nilisema. "Imeandikwa anamkaripia. Kujifunika hakumo. Alilofanya binti alilifanya mwenyewe, na ni la kweli. Tena nikiri jambo la pili. Niliandika karipio hili ili Mwenyekiti akaripiwe hadharani. Hiyo ndiyo aibu ya igizo hili, na ni yangu."

Mzee mmoja akakohoa. Mwenyekiti alikuwa akitabasamu. Nilikuwa nimemnyima alichokitaka, lakini nilikuwa nimempa kisu kwa mpini.

"Asante kwa ukweli, Mwalimu," alisema. "Wazee mmesikia. Alilitumia kundi la vijana kulipiza kisasi. Sharti lilikuwa wazi."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Hawakuweza kufanya vinginevyo. Maneno niliyoyasema mwenyewe yalitosha. Kundi lilifungwa, nami nikaachia kiti. Kisha mchungaji akamgeukia mwenyekiti akamuuliza tangazo la ndoa ya mwanawe lisomwe lini, kwa kuwa sasa imeshuhudiwa kwamba binti yule si mwigizaji. Tabasamu likaisha. Mchungaji akaandika Jumapili inayofuata.

Matangazo kwetu husomwa na mwenyekiti. Jumapili ile nilikaa benchi la kawaida, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Binti wa Lupepo alikuwa nyuma kabisa, kando ya nguzo, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele hawezi kumwona. Mwenyekiti alisoma kwamba kundi la maigizo limefungwa kwa uamuzi wa baraza. Akanitazama, akahakikisha kwamba ninamtazama. Halafu, kwa sauti ile ile, bila kupumzika, akasoma kwamba kijana fulani wa usharika huu anatarajia kufunga ndoa na binti fulani wa Lupepo, na mwenye pingamizi aseme.

Wanawake walipiga vigelegele. Alingoja mpaka vikaisha, amekunja uso, kidole kikiwa juu ya karatasi kushika mstari. Kisha akasema kwamba Alhamisi kuna kazi ya kufyeka uwanja wa kanisa, na kila mtu aje na fyekeo lake.